GITAA LA BESI LIKINYAMAZA: Namna ya Kutafuta Kosa na Kulitengeneza



Kikundi cha muziki cha wafanyakazi ni mali ya wote. Gitaa, amplifaya na spika hununuliwa kwa michango, faranga kwa faranga, na mara nyingi miezi mingi hupita kabla fedha hazijatimia. Kwa hiyo gitaa la besi linaponyamaza, hasara si ya mpigaji peke yake. Ni hasara ya kila mmoja aliyetoa chake, na ya kikundi kizima kama kimekwisha kupokea malipo ya kwanza ya harusi ya Jumamosi.

Kwa wenzetu wa Gitega, wazo la kwanza huwa ni kulipeleka gitaa Bujumbura, safari ya kilomita 100 hivi. Kwa wenzetu wa Muyinga, wazo huwa ama ni Bujumbura, ama ni kulivusha mpaka wa Kobero likatafutiwe fundi upande wa Tanzania. Nauli hulipwa, siku za kazi hupotea, na gitaa hukaa kwa fundi wiki kadhaa. Na mara nyingi kosa lenyewe lilikuwa ni waya mmoja ulioachia, au tone la risasi lililopasuka, kitu ambacho fundi wa redio wa mtaani angekimaliza kwa nusu saa.

Makala haya yanaeleza namna ya kulitafuta kosa hilo kwa utaratibu, na namna ya kulitengeneza. Hayamhitaji msomi wa umeme. Yanamhitaji mtu mvumilivu, mwenye mikono mitulivu, asiyebahatisha.

MUZIKI NA WAFANYAKAZI

Wako wanaodhani kwamba muziki ni mchezo tu, na kwamba chama cha wafanyakazi hakina haja ya kujishughulisha nao. Historia ya Afrika Mashariki inasema vingine. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikaitwa JUWATA Jazz. Baadaye ikawa OTTU Jazz, na leo watu wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Kadhalika kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz. Katika bendi zote hizo gitaa la besi lilikuwa nguzo: likikosekana, wachezaji hawajui waweke wapi mguu.

Nasi Burundi tunao mfano wetu wa kale. Ngoma za kifalme za Gishora, karibu na mji wa Gitega, ambazo mwaka 2014 ziliingizwa na UNESCO katika urithi wa binadamu wote, hutengenezwa kwa mti wa umuvugangoma na ngozi ya ng'ombe. Ngozi ikichanika, hakuna anayeitupa ngoma. Mafundi wa hapo hapo huiwamba upya. Basi kama tunaweza kuitunza ngoma, kwa nini tusiweze kulitunza gitaa?

PIKAPU NI KITU GANI

Chini ya nyuzi za gitaa la besi kuna kidude kimoja au viwili vya plastiki nyeusi. Hicho ndicho pikapu. Wanaofuata Kifaransa huita mikro. Isichanganywe na gari lenye jina hilo: hii haibebi mizigo, hubeba sauti.

Pikapu ina vitu viwili tu: sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kuizunguka. Kila mwenye baiskeli yenye dinamo anaijua kanuni yake, hata kama hajui jina lake. Katika dinamo, gurudumu huzungusha sumaku karibu na koili ya waya, na taa huwaka. Katika gitaa, sumaku na koili zimetulia, lakini uzi wa chuma hutikisika juu yake na kuivuruga nguvu ya sumaku. Matokeo ni yale yale: umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Jambo hili lilielezwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, na dinamo zote za dunia hufuata kanuni hiyo mpaka leo.

Uzi mnene kabisa wa besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na umeme unaotoka nao hupanda na kushuka mara 41. Amplifaya huukuza umeme huo, spika huugeuza kuwa sauti. Ndiyo maana nyuzi za besi hii lazima ziwe za chuma. Ukifunga nyuzi za nailoni, pikapu nzima kabisa itakaa kimya, nawe utalaumu kitu kisicho na kosa.

Waya wa pikapu ni mwembamba sana: upana wake aghalabu ni milimita 0.06 hivi, yaani kama unywele. Huzungushwa mara maelfu, mara nyingi kati ya 8,000 na 10,000. Ukiunyoosha waya wa pikapu moja ya kawaida, utakwenda kilomita moja na theluthi, na uzito wake wote hautazidi gramu 40 hivi. Na katika urefu wote huo, ukikatika mahali pamoja tu, pikapu imekufa.

Yafaa tukumbuke pia kwamba kazi hii ni ya mikono ya wafanyakazi. Kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa besi yake ya kwanza ya umeme, Precision, mwaka 1951, na ya pili, Jazz, mwaka 1960. Koili zake zilizungushwa kiwandani na wafanyakazi, wengi wao wanawake. Mmoja wao, Abigail Ybarra, aliajiriwa mwaka 1956, na alipostaafu mwaka 2013 pikapu zilizopita mikononi mwake zilikuwa zikitafutwa na wapigaji dunia nzima. Kazi ya vidole vya mfanyakazi ndiyo tunayoisikia kila besi inapolia.

USALAMA KABLA YA YOTE

Pikapu yenyewe haiwezi kumdhuru mtu. Umeme wake ni mdogo mno. Hatari iko kwenye amplifaya. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa, kwa kupitia kebo, na bati la amplifaya. Kama amplifaya ina kosa, na waya wake wa ardhi umekatwa au haupo, volti 220 zinaweza kufika kwenye nyuzi. Mpigaji akishika nyuzi kwa mkono mmoja na maikrofoni kwa mwingine, umeme hupita kifuani. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey alikufa jukwaani namna hiyo mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni isiyokuwa na waya wa ardhi.

Kwa hiyo tushike mambo manne:

1. Usikate mguu wa ardhi wa plagi ili uingie kwenye soketi ya matundu mawili. Badilisha soketi.
2. Kabla ya kulifungua gitaa, chomoa kebo. Usilehemu kamwe gitaa likiwa limeungwa na amplifaya.
3. Usiifungue amplifaya kama huna ujuzi. Hata ikiwa imezimwa, ndani yake hubaki umeme uliohifadhiwa wenye nguvu ya kuua, hasa zile za zamani zenye valvu.
4. Lehemu mahali penye hewa, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Risasi ni sumu.

Ikiwa mpigaji anasikia mtekenyo akigusa nyuzi, asisubiri mpaka wimbo uishe. Zimeni umeme, kisha mtafute kosa.

ANZA NJE, MALIZIA NDANI

Kosa kubwa la mafundi wengi wapya ni kushika bisibisi mara moja na kuichomoa pikapu. Pikapu ni kitu cha mwisho kushukiwa, si cha kwanza. Sauti husafiri kwa njia moja: uzi, pikapu, volyumu, jeki, kebo, amplifaya, spika. Sisi tutarudi kinyumenyume, kwa sababu vitu vya nje ndivyo vinavyokanyagwa na kuvutwa kila siku.

Amplifaya. Chomeka gitaa jingine, au chomeka kebo peke yake na uguse ncha yake kwa kidole, sauti ikiwa imepunguzwa. Ukisikia mvumo, amplifaya na kebo vinafanya kazi. Usipousikia, gitaa halina hatia bado. Lakini kama amplifaya ni ile inayotekenya, usifanye jaribio hili.

Kebo. Ijaribu nyingine. Kebo hukatika karibu na ncha zake, pale inapopindwa. Ukiitikisa ikawa inalia na kunyamaza, kosa umeliona.

Betri. Magitaa mengine yana kikuza sauti kidogo ndani yake, chenye betri ya volti 9. Betri ikichoka, sauti hukoroma kwanza, halafu hukatika kabisa. Betri yenye chini ya volti 7.5 ibadilishwe. Fahamu pia kwamba katika magitaa haya kebo ikiingizwa ndiyo huiwasha betri. Ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, asubuhi betri imekwisha.

Jeki. Ndani ya tundu la kebo kuna ulimi wa chuma unaobana ncha ya kebo. Ukilegea, hauigusi. Upinde kidogo sana urudi mahali pake, na usafishe kutu kwa kitambaa chenye spiriti. Nati ya jeki ikilegea, jeki yote huzunguka na kuzikata nyaya zilizo nyuma yake. Kosa hili ni la mara kwa mara kuliko mengine yote ndani ya gitaa.

Volyumu. Ikikwaruza unapoizungusha, ina vumbi. Isafishe kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia redio na uizungushe mara ishirini. Tena, katika magitaa mengine yenye pikapu mbili, kuifunga volyumu moja hadi mwisho hunyamazisha zote mbili. Huo ni uungaji wa gitaa hilo, si ubovu.

Baada ya hayo yote, zifungue volyumu zote, punguza sauti ya amplifaya, na ugonge pikapu polepole kwa ncha ya bisibisi. Pikapu hai hutoa mlio wa ko, ko. Isiyotoa kitu ndiyo tunayoitafuta.

KUPIMA KWA MITA

Mita ya fundi wa redio hupima ukinzani, yaani namna waya unavyouzuia umeme. Kipimo chake ni omu. Iweke mita kwenye omu 20,000. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua volyumu zote hadi mwisho, kisha gusa ncha ya kebo kwa waya mmoja wa mita, na shina lake kwa waya wa pili. Hivyo unalipima gitaa lote bila kufungua hata skrubu moja. Mita ikionyesha kwamba kipimo kimezidi, ipandishe hadi omu 200,000, na hata 2,000,000, kabla ya kusema kwamba njia imekatika. (Njia hii haifai kwa magitaa yenye betri, hayo lazima yapimwe kwenye pikapu yenyewe.)

Tuchukue kwanza besi ya aina ya Jazz, yenye pikapu mbili na volyumu mbili. Kila pikapu ni omu 7,500 hivi. Zikiwa nzima zote, zimeungwa sambamba, mita itasoma karibu omu 3,600. Ikisoma karibu omu 7,000, maana yake moja imekufa na nyingine inafanya kazi peke yake. Ikisoma zaidi ya omu 100,000, zote mbili zimekatika, na unachopima ni volyumu tu. Ikisoma sifuri, kuna shoti: waya wa sauti unagusa waya wa ardhi mahali fulani, mara nyingi kwenye jeki. Isiposoma kitu hata kwenye kipimo cha juu kabisa, njia imekatika kati ya volyumu na jeki, wala si kwenye pikapu. Ili kujua ni ipi iliyokufa, funga volyumu moja, pima. Kisha funga ya pili, pima.

Sasa tuichukue besi ya aina ya Precision. Tangu mwaka 1957 pikapu yake imegawanywa vipande viwili: kimoja hukaa chini ya nyuzi mbili nene, kingine chini ya nyuzi mbili nyembamba. Vipande hivi vimeungwa kimoja nyuma ya kingine, kama mabehewa, na kwa pamoja husoma karibu omu 10,000 au zaidi kidogo. Hapa dalili hutupa habari nyingi:

- Nyuzi zote nne zimenyamaza, au zinasikika kwa mbali sana na kwa sauti nyembamba: waya umekatika katika kipande kimojawapo, au kiungo kati yao kimeachia. Mabehewa yakikatika katikati, treni yote husimama.
- Nyuzi mbili zinalia vizuri na mbili zimenyamaza, na mita inasoma kama nusu ya kawaida: kipande kimoja kina shoti. Umeme unakipita kando.

Mtu asiyejua jambo hili huweza kununua pikapu nzima, kumbe kipande kimoja tu ndicho kibovu, au hakuna kibovu ila kiungo.

Usishtuke kama mita inasoma 7,300 badala ya 7,500. Shaba hubadili ukinzani kwa joto, na kipimo cha asubuhi ya Gitega, penye baridi, si cha mchana wa Bujumbura. Tofauti ndogo si ugonjwa.

Kabla ya kutoa hukumu ya mwisho, fungua kifuniko, lehemua waya mmoja wa pikapu kutoka kwenye volyumu, na uipime pikapu peke yake. Chora kwanza kwenye karatasi kila waya ulipokuwa, na rangi yake. Karatasi hiyo ni ya thamani kuliko kumbukumbu ya fundi.

ASIYE NA MITA

Kipimo rahisi kinaweza kutengenezwa kwa betri ya volti 9, taa ndogo nyekundu ya ledi, na rezista moja ya omu 1,000 kutoka redio bovu. Unga mfululizo: chanya ya betri, rezista, mguu mrefu wa ledi. Mguu mfupi wa ledi upeleke kwenye waya mmoja wa pikapu, na waya wa pili wa pikapu urudi kwenye hasi ya betri.

Taa ikiwaka kwa mwanga hafifu, koili ni nzima, kwa sababu kilomita nzima ya waya inauzuia umeme. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti. Isipowaka kabisa, geuza kwanza betri kuhakikisha hukukosea pande. Ikiwa bado giza, waya umekatika. Balbu ya tochi haifai kwa kazi hii: umeme upitao katika koili nzima hautoshi kuiwasha, nawe utaihukumu pikapu isiyo na kosa. Na usithubutu kupima pikapu kwa umeme wa ukutani.

KUTENGENEZA

Tuseme umeipima pikapu peke yake na mita haikusoma kitu. Usikate tamaa. Mahali panapokatika mara nyingi si ndani ya koili, bali mwisho wake, pale waya mwembamba kama unywele unapoungwa na waya mnene wa kwenda kwenye volyumu. Huko ndiko jasho, unyevu na mivuto hufika kwanza.

Toa kifuniko cha plastiki taratibu. Kaa penye mwanga wa jua, tumia kioo cha kukuzia. Utaona matundu mawili madogo ya chuma chini ya pikapu. Katika kila tundu mwisho mmoja wa koili umelehemiwa: mmoja unatoka ndani, karibu na sumaku, ndio mwanzo wa koili, mwingine unatoka nje, ndio mwisho wake. Tafuta rangi ya kijani, ambayo ni kutu ya shaba, au ncha inayoning'inia.

Kwanza gusa viungo vyote viwili kwa chuma cha kulehemu chenye moto, na risasi mpya kidogo. Mara nyingi pikapu hufufuka hapo hapo. Usikae zaidi ya sekunde mbili tatu, maana plastiki huyeyuka.

Kama waya wa nje ndio uliokatika, zungusha nyuma mzunguko mmoja au miwili upate urefu wa kufika kwenye tundu. Kupoteza mizunguko miwili kati ya 9,000 hakuna sikio litakaloligundua. Waya huu umepakwa rangi ya kuzuia umeme, nayo lazima iondoke kwenye ncha. Aina nyingine za rangi huyeyuka kwa moto wa risasi. Nyingine hukwanguliwa kwa msasa laini sana, milimita chache tu, kwa mkono mwepesi. Zungusha ncha mara mbili kwenye tundu, lehemu, pima.

Kama waya wa ndani ndio uliokatika, chunguza kama kipande chake kimebaki kimechomoza. Hata milimita mbili zinatosha kulehemia kiunzi cha waya mwembamba. Lakini kama umekatikia ndani kabisa, koili haina budi kuzungushwa upya. Hili hutokea hasa kwa pikapu za zamani ambazo waya umelala juu ya sumaku zenyewe: sumaku zina chuma ndani yake, hupata kutu, na kutu huula waya.

KUZUNGUSHA KOILI UPYA

Miongoni mwetu wapo wanaozungusha upya mota za viwanda na za mashine za kahawa. Kazi ni ile ile, ila waya ni mwembamba mara nyingi zaidi. Waya wa mota haufai hapa: hautaenea. Waya wa milimita 0.06 hupatikana katika relei ndogo na koili nyingine ndogo za vyombo vibovu, lakini kilomita nzima isiyo na kiungo ni shida kuipata. Ni heri kikundi kiagize gurudumu moja, litatosha pikapu kadhaa.

Drili ya mkono iliyofungwa kwenye jiliwa hufaa kuzungushia. Hesabu kwanza: mpini ukizunguka mara moja, kichwa huzunguka mara ngapi? Kama ni mara 4, basi mizunguko 8,000 ni kuzungusha mpini mara 2,000. Mtu mmoja azungushe, mwingine aongoze waya kwa vidole viwili vilivyovikwa kitambaa laini, na wa tatu ahesabu na kuandika kila mia. Waya usilegee, wala usikazwe hadi ukatike. Kabla ya kuutoa waya wa zamani, andika ulizunguka upande gani. Ukikosea upande, besi yenye pikapu mbili itatoa sauti nyembamba, isiyo na uzito, zote mbili zikiwa wazi. Dawa yake ni kubadilishana nyaya mbili za pikapu hiyo.

Mwishowe koili huloweshwa katika nta ili nyaya zisitikisike na kupiga kelele. Changanya nta ya mshumaa na nta kidogo ya nyuki. Iyeyushe ndani ya kopo lililowekwa katika sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa maana nta huwaka. Joto la nyuzi 65 hivi latosha. Nta ikianza kutoa moshi, imepita kiasi, na plastiki ya pikapu itapinda. Iache pikapu humo mpaka mapovu yakome, itoe, ifute, iache ipoe.

KINGA NI BORA

Kila baada ya kupiga, pangusa nyuzi na pikapu kwa kitambaa kikavu. Kagua sponji iliyo chini ya pikapu: ikishika unyevu wa jasho na mvua za masika, ndiyo mwanzo wa kutu, ibadilishe. Kaza nati ya jeki kabla haijaanza kuzunguka. Pitisha kebo kwenye mkanda wa gitaa, ili mtu akiikanyaga, uvutike mkanda na si jeki. Usiliache gitaa juani nyuma ya gari.

Kikundi kiwe na daftari la vyombo vyake. Siku pikapu ni nzima, ipimwe, na omu zake ziandikwe humo pamoja na tarehe. Ikinyamaza, fundi hatakuwa na haja ya kukisia kipimo cha kawaida. Atakifungua daftari na kulinganisha.

Na jambo la mwisho, ndugu wafanyakazi. Ujuzi huu usikae kwa mtu mmoja. Akihama kazi au akiugua, kikundi kitarudi kule kule kwenye nauli na kungoja. Anayejua kulehemu amfundishe asiyejua, akianza na kebo bovu, ambayo hata ikiharibika hakuna hasara. Kikundi cha Gitega kinachojua kuzungusha koili kikisaidie kile cha Muyinga, na cha Muyinga kilicho karibu na mpaka kikiagizie kile cha Gitega waya na betri. Chombo kilichonunuliwa kwa umoja kitunzwe kwa umoja.